Mpangilio Uje Nyeri, Mbegu Ibaki Uingereza

Mtu wa Nyeri akizuru bustani mashuhuri za Uingereza, aghalabu hurudi na vitu viwili: picha tele kwenye simu, na vipakiti vya mbegu alivyonunua katika kiduka kilicho karibu na lango la kutokea. Picha hazina neno. Mbegu ndizo zitakazomvunja moyo, hata kama amefuata sheria na kupata kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, jambo ambalo wasafiri wengi hawalikumbuki mpaka wafike uwanja wa ndege. Tulipu haitachanua. Pioni itatoa majani msimu mmoja au miwili, kisha izimie. Lavenda ya Kiingereza itapendeza wakati wa kiangazi, halafu mvua za Aprili ziiozeshe mizizi katika udongo mwekundu unaoshika maji. Mwenye bustani ataulaumu udongo wake, au atamlaumu kijana anayemwagilia maji, ilhali kosa lilianzia kwenye kile kiduka. Ninachodai ni kwamba ziara kama hiyo ina faida kubwa kwa mtu anayelima bustani chini ya jua la ikweta, ila faida hiyo haimo katika mimea. Imo katika namna Waingereza wanavyoigawa ardhi, wanavyoyaongoza macho ya mgeni, na wanavyouliza mmea umetoka wapi kabla ya kuupa nafasi.

Tuanze na anga. London iko digrii 51 na nusu kaskazini mwa ikweta. Mji wa Nyeri uko chini ya nusu digrii kusini mwake, kwenye mwinuko wa mita 1,750 hivi, na mtu akiendesha gari kwenda Nanyuki huuvuka mstari wenyewe kabla ya kuingia mjini. Wengi husema Nyeri ina baridi ya Ulaya, na mwezi wa Julai, ukungu wa gathano, msimu wetu wa baridi, ukiwa umelalia mapaa, ni vigumu kuwabishia. Lakini baridi ya hapa ni ya mwinuko. Huingia usiku na kupungua mchana, na haikai miezi mfululizo kama ile ya huko. Tulipu huhitaji kulala katika baridi kali kwa wiki 12 au zaidi ndipo ijue kwamba wakati wa kuchanua umefika. Nyeri, baridi ya namna hiyo iko ndani ya friji au juu mlimani, na hapana budi kimojawapo kitumike kila mwaka. Kuna pia urefu wa mchana. Juni, London huona jua kwa zaidi ya saa 16. Desemba hata saa nane hazitimii. Sisi tuna saa 12 mwaka mzima, na mmea uliozoea kuhesabu siku zinazorefuka na kufupika hukosa cha kuhesabu. Ndiyo maana wakulima wa krisanthemu katika nchi za ikweta huwasha taa za umeme usiku: wanaudanganya mmea kwamba siku bado ni ndefu.

Mwanga wenyewe nao ni tofauti, na hili watu hulisahau kuliko baridi. Jua la Uingereza halifiki utosini hata mchana wa Juni. Huja kwa mshazari, na rangi zilizopauka, kama waridi hafifu, samawati na kijivu, hung'aa chini yake. Mfano unaojulikana zaidi ni bustani nyeupe ya Sissinghurst, katika jimbo la Kent. Mwandishi Vita Sackville-West na mumewe Harold Nicolson walilinunua eneo hilo mwaka 1930 likiwa magofu, na takriban miaka ishirini baadaye wakatenga sehemu moja kwa maua meupe na majani ya kijivu peke yake. Sehemu hiyo ilikusudiwa kutazamwa magharibi, na magharibi ya Juni huko hudumu hadi saa nne usiku. Nyeri jua huzama saa kumi na mbili na nusu, na kufikia saa moja tayari mtu anatafuta tochi. Kile ambacho Sissinghurst hupewa saa nyingi, hapa hupewa dakika ishirini. Saa sita mchana, jua likiwa wima juu ya vichwa, kitalu cha maua meupe matupu huumiza macho na hakuna anayekitazama. Anayetaka kuiga Sissinghurst ajiulize hivi: je, mimi hukaa bustanini saa ngapi, na saa hiyo mwanga ukoje? Mwingereza hulitafuta jua kama kitu adimu, akipanda matunda yake kwenye ukuta unaoelekea kusini ili yapate joto. Kwetu ukuta wa kusini hauna cheo chochote, kwa kuwa Juni jua liko kaskazini na Desemba liko kusini. Kinachoamua ni mashariki na magharibi, yaani jua la asubuhi lililo pole na lile la saa tisa alasiri linalokausha kila kitu. Kitu adimu katika bustani ya Nyeri au Karatina ni kivuli, na hicho ndicho kinachostahili nafasi bora.

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa mimea haifai na mwanga haufanani, bustani ya Kiingereza imebaki na nini cha kutufundisha? Jibu limo katika asili ya mimea yenyewe. Ukitembea katika bustani za kale za Nyeri na Nanyuki ambazo watu huziita za Kiingereza, hutakuta mimea mingi ya Uingereza. Jakaranda inatoka Amerika ya Kusini. Bogenvilia ni ya Brazili. Sipresi ya ua ni ya Meksiko na nchi jirani. Michongoma, ambayo huku huitwa kaiyaba, ilitoka Afrika Kusini, kwenye bonde la mto Kei, na agapanti yenye maua ya samawati inatoka nchi hiyo hiyo. Kule Uingereza hali ni vivyo hivyo. Jeraniamu zinazopamba madirisha ya vijiji vyao ni za Afrika Kusini, dalia ni za Meksiko. Nifofia, lile ua la mwenge mwekundu na manjano, ina aina moja inayoota yenyewe katika nyanda za juu za Nyandarua na Mlima Kenya. Jina lake la kisayansi lina jina la Joseph Thomson, aliyepita katika nchi hii mwaka 1883, na Waingereza huuziana miche yake. Zambarau ya Kiafrika iliyo kwenye vyungu vya nyumba zao ilichukuliwa kutoka milima ya Usambara, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Hata nyasi ni za kwetu: ile nyasi inayotambaa, inayoitwa kwa jina la Wakikuyu duniani kote, ndiyo iliyotandazwa katika viwanja vya Australia, Afrika Kusini na California, na Marekani imeishia kuiweka katika orodha ya magugu hatari. Kwa hiyo kinachoitwa Kiingereza katika bustani hizi, huko na huku, ni mpangilio. Mimea ni wageni waliokaribishwa, na wageni hubadilishwa.

Mpangilio huo unaonekana wazi Hidcote, katika jimbo la Gloucestershire. Mama yake Lawrence Johnston, wa familia yenye asili ya Marekani, alilinunua shamba hilo mwaka 1907, na mwanawe akatumia miaka mingi kulikata vyumba kwa kuta za mimea. Mgeni hutoka katika chumba cha rangi nyekundu akaingia katika kingine chenye kidimbwi peke yake, kisha akafika kwenye njia ndefu ya nyasi inayoishia angani. Mara nyingi watu husifu ustadi wa kukata maumbo, lakini sababu ya kwanza ya kuta hizo ni upepo. Hidcote iko juu ya kilima, na bila ukingo mimea ingechanika. Mtu wa Naro Moru au Mweiga, huko Kieni, anaujua upepo mkavu wa Januari na Februari, unaofyonza maji kwenye majani kuliko jua linavyofanya. Ua ulio hai unaopunguza mwendo wa upepo huokoa maji bila kuongeza hata ndoo moja. Tena ua haufanyi kazi hiyo sawasawa na ukuta wa mawe, kwa sababu upepo ukigonga ukuta huruka juu na kuanguka ng'ambo kwa kishindo, ilhali ukipita katikati ya matawi hudhoofika. Somo la Hidcote kwa Kieni, basi, ni la kuokoa maji, ingawa Johnston mwenyewe hakuwa na shida ya maji.

Aliyekuwa na shida ya maji ni Beth Chatto, na kama ningelazimika kumshauri mtu azuru bustani moja tu Uingereza, ningemwelekeza kwake. Iko Elmstead Market, karibu na Colchester, katika jimbo la Essex, mojawapo ya sehemu kavu kabisa za nchi hiyo. Mvua yake ni milimita 500 hivi kwa mwaka. Chatto alianza mwaka 1960 katika ardhi iliyotelekezwa pembeni mwa shamba la matunda la mumewe, sehemu moja ikiwa kinamasi na nyingine kokoto tupu. Mumewe, Andrew, alikuwa ametumia maisha yake kuchunguza kila mmea wa bustani hukua wapi ukiwa porini, na Chatto akaugeuza uchunguzi huo kuwa kanuni: kila mmea upelekwe mahali panapofanana na kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliugeuza uwanja wa kuegeshea magari kuwa bustani ya changarawe. Alilima udongo uliokuwa umeshindiliwa na magurudumu, akachanganya mboji, akapanda, akafunika juu kwa changarawe, na tangu mimea iliposhika mizizi haijamwagiliwa. Alifariki mwaka 2018 na bustani hiyo bado inaishi kwa mvua. Nanyuki hupata mvua ya milimita 600 hadi 700 hivi kwa mwaka, na kuna sehemu za Kieni zinazopata chini ya hapo. Kwa tarakimu peke yake, mtu wa Nanyuki ana maji mengi kuliko Beth Chatto.

Hapa ndipo msomaji makini atanikatiza, na ana haki. Milimita 500 za Essex si sawa na milimita 500 za Kieni. Kule mvua hunyesha kidogo kidogo mwaka mzima na jua halina nguvu, ilhali hapa hushuka kwa vishindo katika misimu miwili, mvua ya njahi kuanzia Machi na ile ya mwere kuanzia Oktoba, na katikati yake anga hunyonya maji ardhini kwa kiasi kinachozidi cha Essex zaidi ya mara mbili. Ni kweli, na ndiyo maana anayenakili orodha ya mimea ya Chatto ataipoteza. Lakini hoja hiyo inaifanya kanuni yake iwe ya lazima zaidi. Ikiwa Essex, penye jua la upole, mtu alilazimika kutafuta mimea ya nchi kavu na kufunika udongo wote, basi Kieni udongo usiofunikwa ni maji yanayotupwa. Matandazo si lazima yawe changarawe. Katika sehemu za kahawa kama Othaya, Tetu na Mathira, maganda ya kahawa yaliyooza vizuri yanapatikana karibu, na kwenye mteremko mkavu wa Naro Moru mawe madogo ya volkano yako kila mahali. Mimea nayo iko: mishubiri ya porini, nifofia ya huku huku, na vichaka vya Laikipia ambavyo mbuzi wamevipima kwa miaka mingi vikasalimika. Kumwagilia kuwe ni kwa kuusaidia mche ushike mizizi. Baada ya misimu miwili, mmea unaodai ndoo kila jioni umepelekwa mahali pasipo pake.

Waingereza wenyewe walifanya kinyume cha tunavyodhani. Great Dixter, katika jimbo la Sussex Mashariki, ilikuwa na bustani ya waridi iliyopangwa na msanifu Edwin Lutyens mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1993 mwenyewe, Christopher Lloyd, pamoja na mkuu wake wa bustani Fergus Garrett, waling'oa waridi hizo na kupanda migomba, makana na dalia, rangi zikipigana kelele. Wapenda bustani wengi walikasirika. Lloyd hakujali, alitaka joto, akalitengeneza kwa majani makubwa. Kila majira ya baridi migomba hiyo hufungwa isife, na watu hulipa kiingilio kuja kuitazama, ilhali mgomba wa Mukurweini umesimama nyuma ya jikoni ukinywa maji yaliyooshea vyombo bila mtu kuutupia jicho. Nadhani hili ndilo jambo ambalo ziara ya Uingereza inaweza kumfunulia mtu wa hapa haraka kuliko kitabu: kwamba jani la mgomba, likiwekwa mbele ya ukuta mweupe na chini yake majani madogo ya kijani kilichoiva, ni pambo la kutosha.

Na si lazima mtu apande ndege. Nyeri ina mifano yake, na mmoja ni makaburi ya vita yaliyo karibu na kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki hapa Januari 1941. Makaburi hayo hutunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917. Tangu mwanzo tume hiyo ilitaka kila mahali wanapolala askari wake pafanane na bustani ya Kiingereza: mawe yaliyopangwa kwa mistari, nyasi iliyokatwa, na ukanda mwembamba wa maua kwenye mguu wa kila jiwe. Gertrude Jekyll, mtunza bustani aliyeheshimika kuliko wote wa wakati huo, aliwachorea mipango ya maua ya baadhi ya makaburi ya Ufaransa. Kisha tume ikakabiliwa na swali lile lile tunalolijadili, kwa kuwa inatunza makaburi katika nchi zaidi ya 150, kuanzia kwenye theluji hadi jangwani. Ilichofanya ni kushikilia mistari na kubadilisha mimea. Penye mvua, nyasi. Pasipo mvua, changarawe na mimea ya jangwa. Anayeingia Nyeri na anayeingia katika makaburi ya Ubelgiji hutambua mkono ule ule ingawa mimea haifanani. Mfano wa pili ni hoteli ya Outspan, iliyofunguliwa mwaka 1928 na Eric Sherbrooke Walker, yule aliyejenga hoteli ya Treetops mwaka 1932. Uwanja wake una kitu kimoja cha ajabu: karibu hauna kitu. Nyasi inateremka, miti imesimama pembeni, na katikati macho yameachiwa nafasi yaende moja kwa moja hadi Mlima Kenya. Waingereza wa karne ya 18 waliujua ujanja huo. Lancelot Brown, aliyepanga upya mashamba mengi ya makabaila, aliondoa kila kilichokinga macho ili kilima cha mbali kionekane kama sehemu ya bustani. Mlima wa kwetu hauhitaji kupandwa wala kumwagiliwa. Unachohitaji ni mtu asijenge tangi la maji mbele yake, na benchi likae mahali pa kuutazama saa moja asubuhi, kwa sababu kufikia saa nne mara nyingi umejifunika mawingu.

Kuna pingamizi zito kuliko yote, nalo ni la historia. Mji wa Nyeri ulianza mwaka 1902 kama ngome ya kijeshi baada ya wenyeji wa Tetu kushambuliwa na kuuawa. Viwanja vya nyasi vya walowezi vilitandazwa juu ya ardhi iliyochukuliwa, vikakatwa na watu walioitwa maboi hata walipokuwa wazee wenye wajukuu. Hata yale makaburi yenye mistari mizuri yana doa: mwaka 2021 tume inayoyatunza ilikiri kwamba Waafrika wengi mno waliokufa katika utumishi wa Uingereza hawakuwahi kuwekewa jiwe wala kuandikwa majina. Bustani nadhifu inaweza kuficha mambo. Mfano unaoniumiza zaidi ni wa mtaro. Mabwana wa Kiingereza walichimba mitaro mirefu pembeni mwa viwanja vyao ili ng'ombe wasipite na uzio usionekane, na vitabu vya bustani huusifu ubunifu huo mpaka leo. Katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, wanakijiji wa huku walilazimishwa kuchimba handaki kwenye ukingo wa msitu wa Mlima Kenya, likasimikwa vijiti vyenye ncha, ili wapiganaji wa Mau Mau wasipate chakula. Kuna wazee wa Mathira na Kieni ambao hawawezi kuutazama mtaro mrefu kama pambo, na sioni kwa nini wafundishwe kuutazama hivyo.

Lakini kutokana na historia hiyo wengine hufikia uamuzi kwamba tuuache mpangilio wenyewe, nami hapo siwafuati. Kugawa ardhi kwa mimea hai hakukuletwa na walowezi. Wakikuyu waliweka mipaka ya mashamba yao kwa miti na kwa maua ya itoka yenye kitunguu chini ya ardhi, ambayo hayang'oki kwa urahisi wala hayafi kiangazi, na mbele ya wazee mpaka huo ulikuwa na nguvu ya ushahidi. Mti wa mugumo uliachwa peke yake na nafasi yake ikaheshimiwa. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940 na kuanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, alieleza kwamba mugumo uliokuwa karibu na kwao ulipokatwa, kijito kilichokuwa kikitiririka chini yake kilikauka. Aliipinga mikaratusi na misonobari ya kigeni iliyochukua nafasi ya msitu, na nadhani hoja yake inaunga mkono ninachosema: mkoloni alileta mti bila kuuliza unakunywa kiasi gani. Swali la Beth Chatto na swali la Maathai ni moja, na hakuna hata mmoja aliyehitaji ruhusa ya mwenzake kuliuliza.

Sipresi inatosha kuwa ushahidi wa gharama ya kutouliza. Kwa miongo mingi ndiyo iliyokuwa ua wa heshima katika shule, makanisa na nyumba za maafisa kote katika nyanda za juu, kwa kuwa inakatwa ikanyooka kama ukuta na kumkumbusha Mwingereza miti ya kwao. Kisha, mwaka 1990, chawa mmoja wa mimea anayefyonza utomvu wa sipresi akaonekana Kenya, na nyua zikaanza kugeuka kahawia vipande vipande mpaka zikafa. Hapakuwa na adui wa mdudu huyo hapa, na mti ulikuwa umepandwa wa aina moja mfululizo. Michongoma ilibaki imesimama kando yake na miiba yake. Hata hivyo michongoma nayo ina masharti. Uingereza, ua wa miyu (yew) hukatwa mara moja kwa mwaka kwa sababu hukua polepole na hulala majira ya baridi. Hapa hakuna kulala. Mchongoma ukiachwa baada ya mvua za Novemba, kufikia Januari umekuwa kichaka, na anayeukata huishia mikono imechanika. Kabla ya mtu kuamua kuigawa ploti yake vyumba sita kama Hidcote, ahesabu nani atakata nyua hizo, mara ngapi, na kwa malipo gani. Bustani za walowezi zilisimama kwa sababu kazi ilikuwa rahisi kwa anayelipa. Asiyetaka kurudia unyonyaji huo apande ua mmoja na autunze vizuri.

Na ploti zenyewe? Wengi mjini wana futi 50 kwa 100, na humo mna nyumba, tangi, kamba ya nguo na pengine vyumba vya kupangisha. Kwa hawa bustani ya kabaila haina maana, lakini Uingereza ina bustani nyingine ambayo watalii huipita haraka: ile ya kibarua wa kijijini, iliyochanganya kabichi, maharagwe, mitishamba na maua marefu mlangoni kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kutenganisha. Jekyll, aliyezaliwa mwaka 1843, alijifunza mengi kwa kuzitazama nyumba hizo za maskini wa Surrey, kisha matajiri wakamlipa awafanyie mfano wake. Mama wa Ruring'u mwenye managu, terere na mstari wa waridi kando ya njia ya kwenda chooni tayari anafuata mpango huo. Alichokosa labda ni kitu kimoja au viwili: njia iwe pana ya kutosha watu wawili, na mti mmoja wa kivuli, mparachichi kwa mfano, ukae upande wa magharibi ulizuie jua la alasiri. Nyasi aiache ikauke Februari. Julai 2022 Uingereza ilipofikia digrii 40.3, huko Coningsby, na mwezi uliofuata mikoa kadhaa ikakatazwa kutumia mipira ya maji, viwanja vyao mashuhuri viligeuka rangi ya mkeka. Nyasi yetu ya Kikuyu ina subira zaidi. Mvua ya kwanza ikinyesha, ndani ya wiki chache imerudi.

Kwa anayejaliwa kusafiri, suala lililobaki ni wakati. Wengi huenda Juni, bustani zikiwa zimefurika maua, na maua hayo ndiyo huwafumba macho. Ningemshauri aende Februari, akaulize kwanza kwa sababu baadhi ya bustani hufungwa au hupunguza saa. Mwezi huo hakuna cha kupiga picha: vitalu vitupu, matawi makavu, baridi inayouma masikio. Lakini nyua, njia, ngazi na miti mikubwa huonekana yote, na mtu anaweza kupima kwa hatua zake upana wa njia na urefu wa ua bila rangi kumpotosha. Wafanyakazi nao huwa na nafasi ya kujibu maswali. Asiyesafiri afanye vivyo hivyo hapa, mwezi huo huo, kabla ya mvua ya njahi. Aombe kuingia katika boma la jirani wa Kiganjo au Chaka ambalo bado ni la kijani wakati mengine yamekauka, aangalie ni miti gani iko upande wa magharibi, udongo umefunikwa kwa nini, na maji ya jikoni yanaelekea wapi.